Blanketi la Kuponi Ishirini

Jumatatu, 6 Machi 2006

Levi amenunua kochi. Agneta ameniambia kabla sijavua viatu. Kochi la watu watano, rangi ya maziwa, lililetwa na pikapu mpaka mlangoni kwao Bungoma. Nikamuuliza mke wangu ni bei gani. Hajui. Hajui! Mtu anapewa habari ya kochi bila bei na bado anafurahi.

Levi ni mume wa Joan, dada mdogo wa mke wangu. Anauza simiti na mabati Bungoma mjini. Mimi ni karani wa ghala la mahindi hapa Kitale na nakaa Tuwan, vyumba viwili, choo cha pamoja. Wote wawili tumeoa kwa Mzee Wabwile wa Tongaren. Yaani katika mabinti wote wa nchi hii, ilibidi Levi aoe kwa watu wangu.

Sasa habari yenyewe. Mzee anastaafu ualimu mkuu, na Jumamosi ya wiki ijayo kuna sherehe kwake. Sisi wakwe tutapeleka shopping, yaani vyakula na zawadi za nyumbani. Siku hiyohiyo Mzee atatangaza nani atalima zile ekari nne za karibu na mto, maana vijana wake wote wako Nairobi na mgongo wake umegoma. Atakayelima atagawana mavuno naye nusu kwa nusu.

Agneta anazitaka hizo ekari vibaya sana. Amekulia kwa mahindi. Amechoka na maisha ya Tuwan, ya kununua mpaka kitunguu cha kukaanga. Alikuwa anachagua mchele, hakuniangalia hata. "Matthew," akasema, "hii moja usiniharibie."

Hii moja! Kwani zile zingine ni ngapi?

Jumanne, 7 Machi

Sijalala vizuri. Nilikuwa nafikiria Krismasi.

Krismasi Levi alipeleka blanketi. Zito, la maua mekundu, la mama mkwe. Senge Nasambu, shangazi yao, ndiye hufungua shopping ya wakwe mbele ya watu, kitu kimoja kimoja, akikitaja kwa sauti. Alipofika kwa blanketi alilikunjua, akajizungushia, akacheza nalo. Vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mimi nilikuwa nimepeleka sukari. Nilikuwa nimeitafuta katika maduka matatu na kila kilo niliinunua mahali ilipokuwa rahisi. Hakuna aliyeuliza. Senge aliisukuma chini ya meza na mguu.

Saa ya chakula nimezunguka Kitale nikilinganisha bei, kutoka stendi mpaka posta. Katika supamaketi ya pili askari alinifuata kutoka rafu hadi rafu. Nikamweleza kwamba silipii kitu, naangalia bei tu. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Halafu nikaona bango! Unga wa Kilele, unga wa mahindi wa pakiti. Kata kuponi ishirini, moja kwa kila pakiti, lete kwa lori letu uwanja wa maonyesho Alhamisi tarehe kumi na sita, pata BLANKETI. Bure.

Nilisimama pale mpaka mtu akaniomba nipishe. Fikiria. Nanunua pakiti ishirini. Nakata kuponi, napata blanketi. Pakiti zenyewe bado ziko na unga ndani, nazipeleka kama shopping. Pesa moja, zawadi mbili! Levi hununua blanketi kwa pesa kama mtu asiye na macho.

Jumatano, 8 Machi

Agneta amenipa pesa za chama chake cha akina mama niongeze kwa zangu. Ametaja vitu vya kununua: sukari, majani ya chai, unga wa ngano wa chapati, mafuta ya kupikia, mkate. Nikasema sawa, sawa. Sukari kila mtu hupeleka. Sukari niliipeleka Krismasi na nikaona mwisho wake.

Nimemwambia aniachie mimi, ni sapraizi. Ameenda kuanua nguo.

Kilele katika kioski cha Cheptoo, hapo nje kwetu, ni ghali. Mjini ni afadhali kidogo. Lakini Kipruto, mwenzangu wa ghalani, amesikia kwamba Bungoma kuna duka la jumla linaloiuza shilingi mbili chini ya Kitale kwa kila pakiti. Shilingi mbili mara ishirini! Jumamosi naenda Bungoma. Agneta nimemwambia ni kazi ya ofisi.

Jumamosi, 11 Machi

Bungoma. Ni kweli, shilingi mbili chini. Nauli ya kwenda na kurudi imemeza hiyo faida na kuomba nyingine, lakini nauli si bei ya unga. Nauli ni ya kutembea.

Sikuwa nimepanga kumpeleleza Levi. Ilitokea tu kwamba duka analonunulia liko mbele ya hoteli niliyoingia kunywa chai, na kiti nilichochagua kilikuwa cha dirishani, na nilikaa saa mbili.

Akaja. Hakuuliza bei hata ya kitu kimoja! Alionyesha kwa kidole tu: sukari ile, mafuta yale, unga wa ngano ule. Alikuwa anacheka na mwenye duka, anauliza habari ya ng'ombe wake aliyezaa. Wakati wa kufunga mzigo mwenye duka akachota mchele, kilo nzima, akaongezea juu. Bure! Mimi naomba kupunguziwa shilingi tano tangu nizaliwe na hakuna aliyewahi kuniongezea hata njiti ya kiberiti.

Nilipotoka na magunia yangu mawili ya pakiti, akaniona. Niaje, bro! Akachukua gunia moja kabla sijakataa, akalibeba mpaka stendi na shati lake jeupe. Njiani akauliza kwani nafungua hoteli. Nikasema hapana. Akauliza unga wote huu wa ugali unaenda wapi. Nikamwambia atajua siku ikifika. Akacheka akasema haya bana, na akanilipia soda.

Soda niliinywa. Lakini sikuifurahia.

Jumapili, 12 Machi

Unga nimeuficha ghalani, Kipruto amenifungulia. Agneta yuko kwaya. Nimeanza kukata.

Shida ya kwanza. Hiyo kuponi wameichapisha kwenye karatasi yenyewe ya pakiti, chini, karibu na pale palipoandikwa kilo. Hailegei. Nikafikiria: karatasi ni mbili, ya nje na ya ndani. Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kukata ya nje tu kwa wembe.

Mkono wangu si mwepesi. Pakiti ya kwanza ilitema unga kwa viatu. Ya pili pia. Ya tatu nilishusha pumzi, nikakata polepole, nikafaulu, nikamwita Kipruto aone, na alipokuja kuinua ikafunguka chini yote.

Nimepika gundi ya unga wenyewe kwa sufuria ya chai. Nimeziba mashimo na kalenda ya zamani ya ghala, maana ina karatasi ngumu. Kipruto ameniangalia akaniuliza kama hivyo vitu ni vya watu wa kula. Nikamwambia ni vya wakwe. Amesema, aah. Akarudi kwa redio yake.

Zikipangwa upande mmoja hazionekani mbaya.

Alhamisi, 16 Machi

Lori! Foleni ilitoka uwanjani ikazunguka mpaka barabarani. Watu wa Kipsongo, watu wa Tuwan, walimu, hata karani wa korti alikuwa na kuponi zake ndani ya Biblia. Muziki wa kupasua masikio. Nilikuwa nimedanganya ghalani kwamba naumwa tumbo, na mkubwa wangu alikuwa watu wanne mbele yangu. Tulisalimiana kwa macho, tukaishia hapo.

Msichana wa lori, Sandra, alihesabu kuponi zangu mara mbili akazikataa mbili. Ati zina gundi na hazisomeki. Nikamwambia gundi yenyewe ni Kilele. Hakucheka. Nikatoka mbio, nikanunua pakiti mbili nyingine hapo kando ya lori kwa bei ya wizi kabisa, nikakata mbele yake kwa meno.

Blanketi nimepata. Bure, ukiacha yale ya nauli na bei ya wizi. Ni la njano. Ni jepesi kidogo, ukiliinua kwa jua unaona mtu aliye upande wa pili. Na limeandikwa katikati kwa herufi kubwa nyekundu: KILELE, SHIBA KILA SIKU.

Nimeligeuza. Maandishi yametokea upande ule mwingine pia. Haidhuru. Kwa wazee kitu chenye maandishi kina heshima yake.

Nimemwonyesha Agneta likiwa limekunjwa, kwa mbali. Amefurahi! Ameligusa, ameniuliza kama sukari na vingine pia viko tayari. Nikasema kila kitu kiko tayari. Akanipikia chapati. Nimekula nikijua kwamba Levi amekwisha.

Jumapili, 19 Machi

Naandika nikiwa peke yangu. Acha niandike tu.

Jana kwa Mzee kulijaa. Maturubai mawili, wachungaji watatu, walimu bila hesabu. Levi alifungua kwanza. Senge Nasambu akawa anataja: sukari, beli nzima. Mafuta, mtungi. Unga wa ngano, majani, mchele (ule wa bure, niliujua kwa mfuko wake). Kwa Mzee, koti la baridi. Mzee akalivaa hapohapo na jua lote lile, akakataa kulivua.

Halafu mimi. Senge akaingiza mkono kwa gunia, akatoa pakiti, akaangalia. Akatoa nyingine. Hakutaja. Akatoa ya tatu na ile karatasi ya kalenda ikabanduka, na unga ukamwagika kwa gauni lake jipya, kutoka kifuani mpaka viatuni. Karatasi ilimbaki mkononi. Agosti 2003.

Walimu wote waligeuza shingo.

Senge akauliza nani amefungua vitu hivi. Nikasema havijafunguliwa, vimekatwa. Akasema kwao mtu haleti kwa wakwe chakula kilichoguswa ndani, na kwamba hicho hakitaingia jikoni mpaka ajue mkono wa nani ulikuwa mle. Mchungaji mmoja alisogeza kiti. Nikajaribu kueleza habari ya kuponi, lori, pesa moja na zawadi mbili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona midomo ya Joan ikitetemeka. Agneta alikuwa anaangalia chini.

Mzee akainuka na koti lake. Akanishika bega, akanitoa nje, akanipeleka nyuma ya nyumba. Akafungua mlango wa stoo. Magunia ya mahindi kutoka chini mpaka kwa mabati. Hata mlango ulifunguka nusu tu.

"Matthew, unaona nini?"

"Mahindi, Baba."

"Haya," akasema, akafunga.

Hilo tu. Tukarudi. Na mimi, karani wa ghala la mahindi, ninayeangalia mahindi kila siku ya Mungu, ndipo nilipoelewa kwamba nimebeba unga wa mahindi kutoka Bungoma, nikaupeleka Kitale, nikauleta Tongaren.

Lakini blanketi lilikuwa bado! Mkwe hamkaribii mama mkwe, kwa hivyo Agneta ndiye alilibeba kwenda kumvisha mama yake jikoni. Nikangoja vigelegele. Nikasikia mtu akisoma kwa sauti, "Shiba kila siku," halafu kicheko. Kilianza na mmoja kikawa cha jiko zima. Mama mkwe sijawahi kumwona sura kwa karibu katika miaka sita ya ndoa, lakini kicheko chake sasa nakijua.

Ndipo Mzee akasimama kutangaza ekari nne. Akasema amefikiria sana. Akasema Levi ni kijana mzuri lakini ana duka. Nilikaa sawa. Moyo ulipanda, nasema kweli. Akasema, "Shamba nampa Agneta. Sikusema mkwe. Nimesema binti yangu."

Watu walipiga kelele kama wamefunga goli. Agneta alilia. Amebaki hukohuko, mvua iko karibu na shamba halijatifuliwa. Hakunigombeza. Alinirudishia tu kofia yangu, akanikung'uta unga mabegani, akasema nifunge mlango vizuri nikifika. Afadhali angenigombeza.

Wakati wa kuondoka wageni hupewa kitu cha kurudi nacho. Levi alipewa jogoo, mkubwa, mwenye mkia wa kijani. Mimi nilirudishiwa unga. Pakiti zote.

Jogoo yule ni wa bei gani, kwa makadirio? Kitale hukosi mia tatu.

Jumatano, 22 Machi

Ugali wa Kilele asubuhi, ugali wa Kilele jioni. Una vipande vidogo vya kalenda. Nyumba ni kubwa siku hizi. Nimefua shati langu mwenyewe na likatoka na rangi ya soksi.

Cheptoo wa kioski ameniuliza mama wa nyumba yuko wapi. Nikamwambia ana shamba. Akasema hongera. Akasema tena amesikia Joan na mumewe walikuwa huko Jumatatu kumsaidia kung'oa visiki. Levi! Kung'oa visiki kwa shamba la mke wangu! Na lile shati jeupe! Nimeacha sukuma wiki nilizolipia pale kwa meza.

Jioni Agneta akapiga. Mvua imenyesha Tongaren, Jumamosi wanapanda. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini nzuri, ile ya zamani ya tulipokuwa tukichumbiana. Akasema mama yake ameacha kucheka na amesema atanipikia kuku. Akasema: "Njoo Jumamosi asubuhi. Njoo na jembe. Usilete kitu kingine chochote, Matthew. Wewe na jembe."

Nikasema nitakuja. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula, na hiyo si kwa sababu ya kalenda.

Ijumaa, 24 Machi

Jembe. Nimeuliza maduka yote ya vifaa Kitale. Bei zinatofautiana vibaya sana, na jembe ni lilelile, lenye alama ileile ya mamba. Wanafikiri hatutembei?

Kipruto amesema nichukue lake, analo nyumbani, halina kazi wiki hii. Bure kabisa. Nikamshukuru. Lakini ni la zamani, lina kutu, na nimesikia Levi amenunua jipya. Aliingia duka la kwanza alilokutana nalo, akalipa, akatoka. Nisimame mstari mmoja na Levi, yeye na jembe jipya na mimi na la kuazima? Mbele ya Senge Nasambu?

Mwenye duka mmoja, kwa kuchoka na mimi nafikiri, ameniambia Kimilili kuna mtu anauza majembe kwa bei ya chini kabisa. Kimilili si mbali na Tongaren. Napitia hapo asubuhi na mapema, nanunua, saa tatu niko shambani na jembe jipya la bei nafuu kuliko la Levi. Nitaitaja hiyo bei polepole, tukipanda, bila kujisifu.

Jumamosi, 25 Machi

Kimilili. Duka lilikuwa limefungwa. Mwenyewe ni wa Sabato, hufungua jua likizama. Kuna duka lingine ng'ambo ya barabara, wazi, majembe yamejaa, lakini shilingi thelathini zaidi. Thelathini! Nikaona ningoje. Nimekaa kwa ngazi za duka na gazeti la juzi. Mvua ilinyesha, ikaisha, ikanyesha. Agneta alipiga mara ya kwanza nikamwambia niko njiani. Mara ya pili nikamwambia niko njiani sana. Mara ya tatu sikushika, maana betri ilikuwa inaisha na bado kulikuwa na saa moja hadi jua kuzama.

Jua likazama! Mwenye duka akaja, mtu mpole, akanipa mkono, akaniuzia. Bei ya chini kuliko Kitale yote, kuliko Bungoma, kuliko ile ya ng'ambo ya barabara. Nililipapasa jembe hilo kama mtoto.

Ujumbe wa Agneta uliingia nikiwa bado kaunta. Tumemaliza kupanda. Mama alikuwekea kuku mpaka akapoa, Levi amemmalizia. Ulikuwa wapi?

Levi. Kuku wangu! Aliyepikwa na mama mkwe wangu kwa ajili yangu!

Nimemjibu Agneta kwamba nimepata jembe kwa bei ambayo Levi hataiona maisha yake yote. Hajajibu. Labda hana salio. Nimechukua chumba cha kulala hapa karibu na soko, si ghali, nililinganisha nyumba tatu.

Ningefika kesho asubuhi na mapema, lakini kuna kitu kimoja kidogo. Jembe linauzwa bila mpini. Mpini ni kando, na huyu mtu wa Sabato kwa upande wa mipini ni mwizi. Wanasema Webuye mipini ni rahisi sana. Kesho naanzia Webuye.